Mzee Luvanda Alivyofunga na Mpira Ukabaki Wazi

Wajukuu zangu mnaosomea unesi, mmenitaka niandike habari za kazi yetu ya zamani. Nimekubali kwa sababu nikisimulia kwa mdomo mnasema, "Babu, hiyo umeshatuambia." Sasa nikirudia jambo mtaliruka wenyewe kwa macho. Mwandiko msiucheke. Darasa la pili nililisoma mara mbili, si kwa kufeli, ila mwalimu wetu alihamishwa na yule mpya alipofika akatuanzisha upya. La tatu sikuliona. Nilikwenda Mbeya kutafuta kazi ya kubeba mbao, nikapata ya kubeba wagonjwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, Uhuru bado. Aliyenitoa kwenye machela na kunitia wodini alikuwa dresa mkuu, Mwakyoma, Mnyakyusa mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Dresa ndiye alikuwa anafunga vidonda, anabadilisha chupa, anachoma sindano, na daktari akisafiri anaulizwa mambo yote. Siku moja Mwakyoma aliniona napiga deki, nikifika kwenye kitanda cha mgonjwa mmoja mwenye chupa chini ya kitanda, naruka.

"We kijana, mbona pale hupafuti?"

"Naogopa ile chupa, mzee."

"Ina nini?"

"Nyongo."

Akacheka mpaka wagonjwa wakageuka. "Mwenye nyongo yake amelala hapo anakula ndizi, wewe mwenye ufagio ndiye unaogopa? Njoo hapa nikufundishe. Woga wako utatufaa." Alimaanisha. Alisema vijana wasioogopa mpira ule unaoingia kwenye chupa ndio wanaoukanyaga.

Basi nami niwafundishe kama nilivyofundishwa, kwa lugha ya jikoni. Kila aliyechinja mbuzi anaijua nyongo. Kifuko kile cha kijani hutolewa kwa vidole viwili, taratibu, maana kikipasuka nyama imekwisha, hata mbwa anaitazama mara mbili. Binadamu naye anacho, chini ya mbavu za kulia, kimejificha kwenye ini. Watu wengine humo ndani hupata vijiwe. Nimeviona vingi. Vingine ni kama punje za mahindi, vingine kama maharage, na rangi zake ni za kila namna kama maharage yenyewe. Vikitulia ndani ya kifuko mtu anaweza kuzeeka navyo. Ugomvi unaanza kijiwe kikitoka kikanasa kwenye mrija unaoteremsha nyongo kwenda matumboni. Hapo macho yanakuwa ya njano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, mwili unawasha usiku kucha, na choo kikubwa kinakuwa cheupe kama ule udongo wa kupaka ukutani. Mnaosoma hapa mkiwa mnakula mtanisamehe. Ila nesi asiyeweza kutaja choo wakati wa kula atafute kazi benki.

Daktari akipasua anatoa vijiwe, halafu ndani ya mrija ule anaacha mpira mwembamba wenye umbo la herufi T. Herufi hiyo niliijua, darasa la pili tulikuwa tumeifikia. Mikono miwili ya T inalala ndani ya mrija. Mguu wake unatoka nje kwa tundu dogo ubavuni, unaungwa na mpira mrefu unaoteremka mpaka kwenye chupa. Maana yake ni hii: mrija ukishashonwa unavimba, na nyongo ikikosa pa kupita itavuja tumboni, na ikivuja tumboni tunaanza kutafuta mbao za jeneza. Kwa hiyo inapewa njia ya nje kwanza, mpaka njia ya ndani ipone.

Siku hizi mnaniambia vijiwe vinatolewa kwa mdomo, mtu anamezeshwa mpira wenye taa, jioni anakwenda nyumbani. Nimesikia. Sijabisha. Ila mpira huo wa T bado mtakutana nao, na mkikutana nao mkumbuke chupa ikae chini kuliko ubavu wa mgonjwa, daima. Mbeya tulikuwa na mwalimu mstaafu, mtu nadhifu sana, aliona aibu chupa kukaa sakafuni kama ya mlevi. Akaitundika kwenye msumari wa dirisha. Mwakyoma alipoingia akaona nyongo inarudi ilikotoka. Aliishusha, akamfunika mwalimu blanketi vizuri, akatoka nje, na huko nje ndiko tulikomsikia akiyasema yote.

Mpira uachiwe nafasi, mgonjwa akigeuka usivutike, na ubanwe kwenye shati lake kwa pini, siyo kwenye shuka, kwa sababu mtu akiamka anakwenda na shati lakini shuka analiacha, na mpira uliobanwa kwenye shuka utabaki na shuka. Ukivutika ukatoka kabla ya siku zake, haurudishwi kwa kusukuma. Wageni nao muwaangalie. Wageni wetu wa huku hawaketi kwenye benchi, wanaketi kitandani, tena wanaketi kwa upendo, wote. Niliwahi kukuta chupa haijaingia hata tone tangu asubuhi, tukaanza kuhangaika, kumbe shemeji wa mgonjwa, mama mnene kutoka Rungwe, amekalia mpira tangu salamu.

Na ngozi. Nyongo inaunguza ngozi kama magadi. Pale tundu lilipo osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kausha kwa kugusagusa, paka ile dawa nyeupe ya zinki, funika kwa gozi safi. Kila siku. Mgonjwa akisema panawasha usimwambie avumilie, fungua uone.

Mara nyingine daktari aliagiza nyongo ile ile mgonjwa arudishiwe ainywe, kwa sababu mwili ukiipoteza nyingi unanyong'onyea. Msijaribu bila kuagizwa. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kisafwa, tulimchanganyia kwenye kahawa nzito yenye sukari. Akanywa funda moja, akanitazama, akasema, "Kijana, hii kahawa nimewahi kuwa nayo." Tangu siku hiyo kahawa yoyote iliyotoka mkononi mwangu aliinusa kwanza.

Basi, nilipokwisha kuujua mpira nikahamishiwa Iringa. Sikutaka, Mbeya nilikuwa na mchumba, ndiye bibi yenu, lakini nikaenda. Na huko Iringa ndiko alikokuja Mzee Luvanda, na habari yake ndiyo hasa niliyotaka kuwaandikia. Nimechelewa kuifikia, najua.

Mzee Luvanda alitoka karibu na Igowole. Kazi yake ilikuwa kugema ulanzi. Ninyi mliokulia Dar es Salaam mnaunywa tu mkija likizo, hamjui unatoka wapi. Masika mwanzi mchanga unapochipua, mgema anaukata ncha, anaufungia kikombe cha mwanzi kinachoitwa mbeta, na maji yake yanachuruzika humo tone kwa tone. Asubuhi na jioni anapita kukinga na kuchonga upya ili usikauke. Mgema mzuri anajulikana kwa mlanzi wake, ndio mwanzi huo, kutosimama. Ukisimama, amefilisika.

Alipozinduka baada ya opresheni akaona mpira unatoka ubavuni kwake unadondosha maji ya dhahabu kwenye chupa, hakuogopa kama wengine. Alichungulia chini ya kitanda muda mrefu. Nilipokuja akanisalimia, "Kamwene, mwanangu. Naona leo na mimi nimegemwa."

"Kamwene, baba. Umegemwa kweli."

"Ni mgema gani huyo daktari! Unachuruzika vizuri. Nani alimfundisha?"

Wodi nzima ilimpenda. Asubuhi nikibadilisha chupa wagonjwa walikuwa wanauliza kwa sauti, "Mzee, leo mbeta ngapi?" Naye anajibu kwa fahari, kwamba imejaa. Ikipungua anahuzunika. Tulimweleza kwamba ikipungua ndiyo dalili njema, maana yake inaanza kupita ndani. Alitikisa kichwa kwa adabu, kama unavyomtikisia kichwa mtu asiyejua ulanzi anayekufundisha ulanzi.

Daktari wetu alikuwa Mzungu mrefu, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, amekisoma. Mzee alipopata nguvu kidogo, daktari alisimama kitandani kwake kwenye raundi, akasema, "Vizuri sana. Kesho mzee aanze kufunga. Afunge asubuhi mpaka jioni. Jioni afungue. Akisikia maumivu makali afungue mara moja, atuite."

Sisi watu wa wodi tulimwelewa: afunge mpira. Kila kitanda chenye mpira kilikuwa na kibanio cha chuma kimening'inizwa kwa uzi, na tulikuwa wachache, hivyo mgonjwa anayeweza kukaa alionyeshwa kubana mpira wake mwenyewe. Ukiubana, nyongo inalazimika kupita njia ya ndani. Ikipita bila maumivu, bila homa, macho yakabaki meupe na choo kikarudi rangi yake, njia ni nzima, na mpira unaweza kutolewa. Ikikataa, basi kuna kijiwe kimebaki.

Daktari alikuwa amenyoosha mkono achukue kibanio amwonyeshe mzee. Hapo hapo tukasikia kelele nje. Lori la mahindi lilikuwa limepinduka upande wa Ilula, na watu wameletwa wote kwa pamoja, wengine wanatembea, wengine wamebebwa kwenye magunia. Daktari akaondoka mbio na sisi nyuma yake. Kibanio kikabaki kinaning'inia. Hakuna aliyerudi kumwonyesha Mzee Luvanda kitu.

Na Mzee Luvanda alikuwa amesikia nini? Alisikia afunge. Neno hilo alishaambiwa humo humo wodini kabla hajapasuliwa: "Mzee, leo ufunge, usile wala usinywe." Tena ilikuwa Kwaresima, na yeye Mkatoliki. Na mpira unaochuruzika vizuri, mgema gani atawaza kwamba mtu anaweza kuagiza uzibwe? Basi kesho yake alipoletewa uji wa asubuhi, mzee akafunga.

Kitanda cha pili yake tulikuwa tumemlaza taniboi, utingo wa lile lori, jina lake Sefu, kijana wa Kilosa, mguu umevunjika lakini tumbo zima kabisa. Mzee akamsogezea bakuli.

"Kula, mwanangu. Mimi nimefunga."

Sefu akashangaa. "Mimi Mwislamu nakula, wewe Mkristo unafunga? Hii Iringa mambo yake vipi?"

"Ni amri ya daktari."

"Basi huyo daktari wako ni padri." Akala uji wake na wa mzee. Mchana akala ugali na maharage yake na ya mzee. Hakumwambia mtu. Kwa nini amwambie mtu?

Sasa sikilizeni jinsi neno moja lilivyotupeleka. Sista wa wodi, Mzungu mwenye haraka zake, alikuwa anapita kila jioni.

"Mzee Luvanda, umefunga?"

"Nimefunga, Sista."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi, kabisa kabisa."

"Maumivu yapo?"

"Yapo. Hapa katikati. Saa za mchana yanaanza, jioni yanazidi."

"Ukifungua?"

"Nikifungua tu, yanakwisha."

Mnacheka. Sista hakucheka. Mpira ukibanwa tumbo linauma, ukiachiwa maumivu yanakwisha: hiyo ndiyo dalili yenyewe ya kijiwe kilichobaki. Na dalili nyingine zote zikakubaliana naye. Chupa, tuliyokuwa tunaifunika kitambaa na kudhani ni ya usiku mmoja tu, asubuhi ilikuwa imejaa, kumbe ni ya mchana na usiku. Choo cha mzee kilibaki cheupe, kwa kuwa nyongo yote ilikuwa inaishia chini ya kitanda. Mzee mwenyewe akaanza kukonda, midomo ikakauka, akisimama anayumba. Na baridi ya masika ya Iringa mnaijua, kila mgonjwa amejifunika mpaka kidevuni, hakuna anayependa kufunuliwa. Tuliuliza, akajibu, tukapita.

Daktari akasimama kitandani kwake tena, safari hii hakutabasamu. Akambonyeza tumbo, akafunua kope. Halafu akasema Jumatano itabidi apasuliwe tena, kijiwe kipo.

Zamani kupasuliwa mara ya pili, mahali pale pale, mzee aliyedhoofu namna ile, haikuwa jambo la kusema ukaenda kula. Sisi tuliobeba machela tulikuwa tunajua ni wangapi wanarudi wakiongea. Mzee naye alijua. Jioni hiyo aliniita, akaniambia nikipata mtu anayekwenda Igowole nimpe salamu, mianzi yake ya bondeni agemewe na mdogo wake, ile ya juu aachiwe mkewe. Nikamwambia, baba, utaigema mwenyewe. Akasema, "Ndiyo, mwanangu," kwa ile adabu yake.

Mkewe, Mama Agneta, alikuwa njiani siku zote hizo. Alikuwa ameondoka nyumbani mapema, ila mvua ilikuwa imeharibu barabara, na lori lao lilikwama Nyololo wakalala huko, wakalikwamua, likakwama tena. Alifika wodini Jumatatu asubuhi, matope mpaka magotini, kikapu kichwani, langoni ameshaambiwa habari ya kisu cha Jumatano. Mama mrefu, mkavu, hana haraka. Akasalimia kila kitanda, "Kamwene, kamwene," akafika kwa mumewe, akamtazama. Akafungua kikapu, akatoa viazi vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye majani ya mgomba na kibuyu cha togwa.

"Kula, Baba Agneta."

"Siwezi. Nimefunga."

"Umefunga nini?"

"Kula."

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya daktari."

Mimi nilikuwa kitanda cha tatu nafunga kidonda. Niliyasikia maneno hayo na bado hayakuniingia. Yeye yalimwingia. Alisimama katikati ya wodi, kibuyu mkononi, na raundi ndiyo kwanza inaingia mlangoni, daktari mbele, Sista nyuma.

"Shikamoo, Bwana Daktari."

"Marahaba, mama."

"Huyu ni mume wangu. Naambiwa mtamkata tena. Sikatai, mkate. Ila kwanza mniambie, mtu anayetaka kukatwa, mbona mnamnyima chakula siku zote hizi? Hata mbuzi wa kuchinjwa analishwa."

"Hatumnyimi chakula, mama. Analetewa kila siku."

"Anasema umemfungisha."

Daktari akageuka kwa mzee. "Mzee, wewe umefunga nini?"

"Chakula, bwana. Na maji. Kama ulivyosema, asubuhi mpaka jioni."

"Na mpira?"

"Mpira?" Mzee akatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta nani katika sisi ana akili. "Mpira nao unafungwa? Si unachuruzika? Kitu kinachuruzika vizuri, mtu akifunge?"

"Na maumivu ya hapa katikati?"

"Njaa, bwana. Njaa inauma."

Daktari alipiga magoti sakafuni, na suruali yake nyeupe, akafunua kitambaa cha chupa. Tukasikia wote: to, to, to. Kibanio kilikuwa pale pale kwenye uzi wake. Sefu alikuwa amevuta blanketi mpaka juu ya kichwa, na mguu wake wenye plasta umebaki nje peke yake, unatazamwa na watu wote.

"Na chakula alikula nani?" Sista akauliza.

Blanketi likajibu, "Nilikuwa nasaidia kisiharibike."

Msidhani mambo yaliishia hapo kwa kicheko. Wodi ilicheka, ndiyo, hata Sista. Daktari hakucheka sana. Alisema, "Sasa hatujui kitu. Kijiwe kinaweza kuwepo, kinaweza kisiwepo. Jumatano nimeiacha pale pale. Leo ale, anywe, na mpira ubanwe. Ubanwe," akalirudia neno, akatugeukia sisi. "Kuanzia leo katika wodi hii mtu anafunga, mpira unabanwa." Na mimi hadi nastaafu sikuwahi tena kusema mpira ufungwe.

Lakini mzee akakataa. Chakula alikila, viazi vyote na togwa, ila nilipochukua kibanio akaushika mkono wangu.

"Mwanangu, ukiziba hiyo itaniozea ndani. Mlanzi ukiuziba unaoza."

Nilimweleza njia ya ndani, mrija, herufi T. Akanisikiliza kwa adabu. Mkono hakuuachia. Mama Agneta ndiye aliyesema, huku anafuta kibuyu chake.

"Baba Agneta. Mwanzi ambao hujaukata, maji yake yanakwenda wapi?"

Mzee akafikiri. "Yanapanda juu."

"Yakipanda juu?"

"Unarefuka. Unakuwa mwanzi."

"Basi wewe ulikatwa ukachuruzika. Sasa wanataka uache kuchuruzika uwe mtu. Mwachie kijana mkono."

Akaniachia. Nikabana.

Mpira uliobanwa mara ya kwanza unakaa nao, wajukuu. Huendi kunywa chai. Unamtazama mgonjwa kama anatetemeka, unamgusa paji la uso, unafunua macho yake ukiwa karibu na dirisha, maana njano haionekani kwenye taa. Unafunua gozi uone kama limelowa, kwa sababu nyongo iliyokosa njia zote mbili itavuja pembeni ya mpira. Unamwambia mgonjwa akisikia kitu aseme, asikuonee aibu. Mara ya kwanza tulibana kwa muda mfupi, baada ya chakula, tukaachia. Mara ya pili tukarefusha. Mzee alisema anasikia tumbo limejaa. Nikashtuka. Kumbe ni viazi. Jumanne tulibana toka asubuhi hadi kulala. Gozi kavu, paji la uso baridi. Lakini choo hakikuwa kimekuja, na daktari alikuwa anasubiri choo. Alimwambia Sista thieta iandaliwe kama ilivyopangwa.

Jumatano asubuhi mafundi wa thieta waliwasha moto mapema, masufuria ya kuchemshia visu yakapanda jikoni. Ukungu ulikuwa mzito nje, mti wa hatua chache huuoni. Mzee Luvanda akaomba bedpani. Tukamwekea pazia. Wodi ikanyamaza, hakuna aliyekohoa, wagonjwa wote wameelekeza masikio upande mmoja, na Sefu ameinuka kwa viwiko. Mimi nilisimama nje ya pazia. Mama Agneta alikuwa ndani na mumewe.

Ilichukua muda. Halafu mama yule mkavu, asiye na haraka, akapiga kigelegele ambacho nadhani Igowole walikisikia. Akapiga cha pili. Sista akaja mbio kutoka wodi ya wazazi akiuliza nani amezaa huku kwa wanaume.

Mama Agneta akatoka na bedpani mikononi, amelinyanyua kama mtu aliyebeba sadaka. Kahawia. Kahawia nzuri, iliyokolea. Nimewaona watoto wangu wote wakizaliwa, na bado sijui kama niliwahi kufurahia kitu kwa haraka namna ile. Wagonjwa walitaka waone, na Mama Agneta aliwaonyesha, kitanda kwa kitanda. Daktari akaingia tayari amevaa nguo za thieta, kofia kichwani. Akalipeleka bedpani dirishani kwenye mwanga, akaliinamia. Akainua kope za mzee, akazitazama. Akamwuliza kama tumbo linauma.

"Linauma," akasema mzee. "Sijala bado."

Daktari akavua kofia ile. Mpira wenyewe aliutoa siku za baadaye, kwa kuvuta polepole mzee akipumua, na tundu likadondosha kidogo, likajiziba lenyewe, maana hilo halishonwi. Lakini asubuhi ile fundi wa thieta alikuja mlangoni, akauliza maji ya kuchemshia visu yameshachemka, masufuria yote, ayamwage?

"Usimwage," akasema daktari. "Mwogesheni mzee."

Tukamkalisha kwenye kigoda nyuma ya wodi, ukutani pasipo na upepo. Gozi tukalizungushia kitambaa kikavu lisilowe, mpira umebanwa, umeshikwa juu begani na pini. Mimi nilikuwa namimina, Mama Agneta anasugua mgongo kwa nguvu, na mzee anapiga kelele kwamba tunamchubua, huku mvuke wa maji yale unapanda kwenye ukungu mpaka hatukuonana.